Kubadilishana au Kuafikiana? Mchezo wa Ufunguo wa Siri na Istilahi Zake katika Kiswahili

1. Utangulizi

Makusudi ya makala haya ni kueleza mchezo mmoja unaotumiwa kuwafunza wanafunzi misingi ya usimbaji, yaani elimu ya kuficha ujumbe, na kuonyesha kwamba mchezo huo unaihusu idara ya lugha kama unavyoihusu idara ya hisabati. Katika mchezo huo wanafunzi wawili, ambao hawakupata kukutana faraghani, husemezana kwa sauti mbele ya darasa zima. Mwishowe wawili hao huwa na namba moja ya siri ambayo hakuna mwingine darasani aijuaye, ingawa kila mtu amesikia kila neno walilotamka. Mwenye kuutazama mara ya kwanza hudhani kuwa ni kiini macho. Kumbe ni hesabu tupu, na mtoto aliyekwisha jifunza kuzidisha na kugawanya aweza kuifuata.

Hesabu hiyo ilitangazwa mwaka 1976, na hivi leo ndiyo asili ya njia ambazo kwazo simu na kompyuta hupatana juu ya siri kabla ya kupelekeana barua, picha au habari za benki. Kwa Kiingereza jambo lenyewe limepewa jina lenye maana ya kubadilishana ufunguo, na wafasiri wetu wamekuwa wepesi kulichukua jina hilo kama lilivyo. Hoja ya makala haya ni kwamba jina hilo halisemi kweli juu ya tendo linalolitaja, kwamba mwanafunzi aliyeucheza mchezo ndiye wa kwanza kuliona kosa, na kwamba Kiswahili kinalo neno lililo sawa zaidi.

2. Siri ya njia na siri ya ufunguo

Mswahili hakungoja kompyuta ili ajue kuficha maneno. Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja, ambao ulitolewa kwanza mwaka 1870, anataja usemi uitwao kinyume. Kanuni yake ni nyepesi: silabi ya mwisho ya neno huondolewa mahali pake na kutangulizwa mbele. Kitabu huwa bukita, mwalimu huwa mumwali, na siri yenyewe huwa risi. Maneno machache yaweza kukisiwa, lakini sentensi nzima iliyosemwa kwa kasi haimshikiki mtu asiyeuzoea usemi huo.

Yafaa kuutenga usemi wa namna hii na fumbo. Mwenye kufumba huacha maneno yake wazi na kuificha maana; kila mtu hulisikia fumbo, lakini hulifumbua yule mwenye hekima au mwenye kuijua habari inayogusiwa. Kinyume hufanya tofauti na hivyo. Huuficha umbo la neno kwa kanuni, na aijuaye kanuni hulipata neno bila ya kuhitaji hekima yoyote. Usimbaji wa kitaalamu ni ndugu wa kinyume, wala si ndugu wa fumbo. Kwa sababu hiyo ni vema kufumba na kufumbua yaachiwe washairi na wahenga, na kusimba na kusimbua yatumike kwa kazi hii ya kanuni.

Udhaifu wa kinyume unajulikana na kila aliyekitumia utotoni. Siri yake yote imo katika njia. Siku ambayo mdogo wako anapoigundua njia, mazungumzo yote yaliyopita na yatakayokuja yamekuwa wazi, na hapana dawa ila kubuni njia nyingine. Jambo kama hilo huonekana katika Sheng ya Nairobi. Lugha hiyo haikuundwa kwa ajili ya siri peke yake. Hata hivyo neno linapokwisha kushikwa na wazazi na walimu, vijana huliacha na kuzua jingine.

Mtu aliyeieleza kasoro hii kwa ufasaha alikuwa mwanalugha. Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha lugha mjini Paris, na ambaye baadaye alivuma kwa kuieneza Volapük, lugha ya kubuniwa iliyoitangulia Esperanto, alichapisha mwaka 1883 makala juu ya usimbaji wa kijeshi. Mojawapo ya kanuni zake ni kwamba njia ya kusimba isidai kuwa siri. Iweze kuangukia mikononi mwa adui bila ya madhara. Kinachopasa kufichwa ni kitu kidogo tu, ufunguo, ambao waweza kubadilishwa pindi ikibidi. Mfano wake ni kitasa cha mlango. Fundi aliyekitengeneza anajulikana, na vitasa vya namna hiyo vinauzwa madukani, lakini ujuzi huo haumfai mwizi maadamu hana ufunguo wa mlango ule.

Wanafunzi huielewa kanuni hii haraka wakipewa kazi ya kukitia kinyume ufunguo. Badala ya kuhamisha silabi ya mwisho daima, waafikiane namba: ikiwa namba ni mbili, silabi mbili za mwisho hutangulia. Hapo neno huwa bukita likisimbwa kwa moja na tabuki likisimbwa kwa mbili, kama neno ni kitabu. Njia ni moja, nao ufunguo ni tofauti. Swali linalofuata hujitokeza lenyewe: je, wawili wanaotaka kusemezana wataafikianaje namba hiyo, na hali kuna mtu anayesikiliza?

3. Tatizo la kuufikisha ufunguo

Kwa karne nyingi jibu lilikuwa moja: ufunguo utangulie kupelekwa kwa mkono wa mtu mwaminifu. Katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani walikuwa na mashine ya kusimbia iitwayo Enigma, na mashine hiyo haikuwa na faida yoyote pasipo orodha ya funguo za kila siku zilizogawiwa vikosini mapema. Vitabu vya jeshi la majini vilichapishwa kwa wino unaoyeyuka majini, ili baharia aweze kuviharibu chombo kikizama. Pamoja na hadhari hiyo, Waingereza walipoiteka nyambizi U-110 mwezi Mei mwaka 1941, walipata humo mashine pamoja na hati za kuitumia. Ufunguo unaosafiri ni ufunguo unaoweza kutekwa njiani.

Aliyetaka kuwasiliana na watu elfu moja ilimbidi awe na wajumbe wa kuwafikia wote. Kwa serikali hilo lilikuwa gharama. Kwa raia wa kawaida lilikuwa muhali. Katika miaka ya 1970 mitambo ya kompyuta ilianza kuunganishwa kwa nyaya, na ikawa dhahiri kwamba watu wasiojuana wangehitaji kusemezana kwa siri bila ya kupata nafasi ya kukutana kwanza.

Ralph Merkle, aliyekuwa mwanafunzi Berkeley mwaka 1974, alionyesha kwamba jambo hilo lawezekana kwa kiasi fulani. Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza njia kamili mwezi Novemba mwaka 1976, nao walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2015. Mwaka 1997 ilijulikana kwamba watumishi watatu wa idara ya siri ya Uingereza, James Ellis, Clifford Cocks na Malcolm Williamson, walikuwa wamekwisha kuyafikia mawazo hayo hayo kati ya mwaka 1970 na 1974, lakini kazi yao ilifungiwa sandukuni.

4. Mchezo wenyewe

Mchezo huu ni wa jamii ya mazoezi ya kufundishia elimu ya kompyuta pasipo kompyuta. Mazoezi kama hayo yalikusanywa katika miaka ya 1990 na Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, pamoja na Ian Witten na Mike Fellows, na usimbaji ulikuwa mojawapo ya mada zao. Unahitaji karatasi, kalamu, na vikopo vya rangi ya maji.

Wanafunzi wawili huteuliwa. Na waitwe Asha na Baraka. Asha husimama pembe moja ya darasa, Baraka pembe ya pili. Wengine wote hukaa katikati, nao ni wadukizi. Neno hili ni la zamani: kudukiza ni kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu, na mdukizi ndiye mwenye tabia hiyo. Hapa maana yake ya asili inafaa kabisa, kwa kuwa mdukizi wa mchezo huu hasemi neno. Husikia tu na kuandika.

Duru ya kwanza huchezwa kwa rangi. Wote wawili hukubaliana hadharani juu ya rangi ya manjano. Kisha Asha huchagua rangi ya siri, tuseme nyekundu, na Baraka naye huchagua yake, tuseme buluu. Hakuna amwambiaye mwenzake. Asha huchanganya kipimo kimoja cha manjano na kimoja cha nyekundu, na kikopo cha mchanganyiko hupitishwa katikati ya darasa, kila mdukizi akikitazama. Baraka hufanya vivyo hivyo kwa manjano na buluu. Vikopo vikishafika, Asha hutia kipimo cha nyekundu yake katika kikopo kilichotoka kwa Baraka, na Baraka hutia kipimo cha buluu yake katika kikopo kilichotoka kwa Asha. Sasa kila mmoja anacho kikopo chenye vipimo vitatu: manjano, nyekundu na buluu. Rangi zimelingana.

Mdukizi ameona manjano, ameona mchanganyiko wa kwanza na wa pili. Akivichanganya viwili hivyo atapata manjano mara mbili, na rangi yake haitalingana na ya Asha na Baraka. Ili apate ile ya kweli, hana budi kuitoa nyekundu katika mchanganyiko wa Asha, na hilo halifanyiki kwa mikono.

Rangi zina kasoro moja: mwenye jicho kali aweza kujaribu rangi mbalimbali nyumbani mpaka alinganishe. Kwa hiyo duru ya pili huchezwa kwa namba. Wanafunzi huelezwa kwanza hesabu ya saa, ambayo kila mtoto huijua bila ya kufundishwa. Saa kumi ukiongeza saa tano hupati saa kumi na tano; unapata saa tatu. Umevuka kumi na mbili ukaanza upya, na kilichohesabiwa ni baki. Katika mchezo saa yetu haina alama kumi na mbili, bali ina 17, ambayo ni namba tasa. Kila jibu likizidi hapo, hugawanywa kwa 17 na kubakishwa baki lake.

Asha na Baraka hutangaza namba mbili: 17 na 3. Kisha kila mmoja huchagua namba ya siri. Asha huchagua 6, kwa hiyo huizidisha 3 kwa nafsi yake hata zipatikane 3 sita. Mbili za kwanza hutoa 9. Tisa mara tisa ni 81, na baki lake ni 13; hizo ni 3 nne. Kumi na tatu mara tisa ni 117, na baki ni 15. Asha hutamka kwa sauti: 15. Baraka amechagua 7, na hesabu yake humfikisha kwenye 11. Naye hutamka: 11.

Sasa Asha huichukua 11 ya Baraka na kuizidisha kwa nafsi yake mara sita kwa kufuata siri yake: 11 mbili hutoa 121, na baki ni 2; jozi tatu za namna hiyo ni 2 mara 2 mara 2, yaani 8. Baraka huichukua 15 ya Asha na kuifanyia hivyo kwa kufuata 7 yake. Kumi na tano mbili hutoa baki 4; nne hutoa 16; sita hutoa 13; na saba hutoa 195, ambayo baki lake ni 8. Wote wamefika kwenye 8. Sababu yake ni ile ile ya vikopo. Upande wa Asha, 3 saba saba zimewekwa mafungu sita. Upande wa Baraka, 3 sita sita zimewekwa mafungu saba. Kwa vyovyote vile ni 3 arobaini na mbili.

Namba 8 haikutamkwa. Wadukizi wanazo 17, 3, 15 na 11, na mwalimu huwapa dakika tano waitafute.

5. Vitenzi vyenye kinyume na visivyo nacho

Hapa ndipo mwalimu wa lugha apatapo kazi. Wanafunzi wanajua tangu shule ya msingi kwamba Kiswahili kina kiambishi cha kutendua. Funga huzaa fungua, kunja huzaa kunjua, tega huzaa tegua, ziba huzaa zibua, na simba huzaa simbua. Hata jina ufunguo limetokana na kutendua: Mswahili hakukiita chombo hicho kwa kazi yake ya kufunga bali kwa kazi yake ya kufungua.

Baada ya orodha hiyo wanafunzi huombwa wavitendue vitenzi vingine: saga, mwaga, pika. Darasa hucheka, kwa maana hakuna sagua wala pikua. Unga haurudi kuwa mahindi, na wahenga walikwisha kusema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Lugha imevitenga vitenzi hivi kwa sababu matendo yenyewe huenda upande mmoja tu. Usalama wa mchezo umesimama juu ya tendo la namna hiyo. Kuipata 15 kutoka 6 ni kusaga. Kuipata 6 kutoka 15 ni kuutaka unga urudi kuwa punje.

Inafaa mwalimu awe mwangalifu asidai kupita kiasi, maana kuwapo au kutokuwapo kwa kiambishi katika lugha si hoja ya kihisabati. Kwa saa ya 17 unga waweza kurudishwa. Mdukizi mwerevu huandika jedwali la 3 zilizozidishwa, moja hadi kumi na sita: 3, 9, 10, 13, 5, 15, 11, 16, 14, 8, 7, 4, 12, 2, 6, 1. Huitafuta 15, huiona ni ya sita, na siri ya Asha imefichuka. Lakini atazame jinsi namba zinavyorukaruka: 13 hufuatwa na 5, na 5 hufuatwa na 15. Hapana mpango unaomwonyesha kama anakaribia au anajitenga. Ndiyo maana imembidi aandike jedwali.

Katika matumizi ya kweli namba tasa yaweza kuwa na tarakimu 617. Mwenye siri bado ana kazi nyepesi, kwa kuwa huzidisha kwa kukunja maradufu kama Asha alivyofanya, na mazidisho elfu chache humtosha. Mdukizi hawezi kuandika jedwali, maana hakuna karatasi wala mashine itakayolibeba. Njia za mkato zipo, lakini zote zilizojulikana kwa kompyuta za kawaida ni za polepole mno kwa namba kubwa kiasi hicho. Hata hivyo hakuna aliyethibitisha kwamba njia ya haraka haiwezi kupatikana. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya namna nyingine, inayofuata kanuni za kwanta, ingeweza kulitendua tendo hili kwa wepesi ikipatikana iliyo kubwa ya kutosha. Kwa tahadhari hiyo taasisi ya viwango ya Marekani ilitoa mwezi Agosti mwaka 2024 kanuni mpya zinazotegemea hesabu za aina nyingine. Kwa lugha ya darasani, kitenzi kisicho na kinyume huenda siku moja kikapatiwa kinyume chake.

6. Ufunguo mzuri katika kitasa kibovu

Asha na Baraka wanapokwisha kuipata 8, huhitaji kuitumia. Zoezi la kawaida ni kusogeza herufi. Alfabeti ya Kiswahili, ukiihesabu ch kuwa herufi moja na kuziacha c, q na x, ina herufi 24. Kila herufi husogezwa nafasi nane mbele, na ikipita z huanza tena kwenye a. Siri huwa brar. Methali iliyotajwa hapo juu, maji yakimwagika hayazoleki, huwa hivi: visr gitrvfiorti pigihyumtr.

Wadukizi sasa hupewa maneno hayo peke yake. Hapa mwanafunzi wa lugha humshinda mwanafunzi wa hesabu. Katika maandishi ya Kiswahili herufi a huzishinda nyingine zote kwa wingi. Katika methali hii a imo mara 6 katika herufi 25, na i imo mara 4. Katika maneno yaliyosimbwa herufi inayozidi wenzake ni i, nayo imo mara 6. Basi i hiyo ndiyo a, na umbali wa kutoka a mpaka i ni nafasi nane. Ufunguo umetoka nje bila ya mtu kuiba chochote. Aidha, maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, kwa hiyo herufi za mwisho katika maneno yaliyosimbwa, r, i na r, haziwezi kuwa ila irabu. Lugha yetu yenye silabi wazi humhurumia mdukizi kuliko lugha nyingi.

Njia hii ya kuhesabu herufi ilielezwa katika karne ya tisa na Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad, katika risala ya kufichua maandishi yaliyosimbwa, ambayo nakala yake ilipatikana Istanbul katika karne ya ishirini. Mwanafunzi hujifunza mambo mawili hapa. La kwanza, kuupata ufunguo kwa usalama hakutoshi, kwa kuwa ufunguo mzuri katika kitasa kibovu haumzuii mwizi. La pili, ujuzi wa muundo wa lugha ni silaha, na mtu asiyeujua muundo wa lugha yake mwenyewe hawezi kujua ni wapi siri zake zinavuja.

7. Mdukizi anayesema

Katika duru ya mwisho kanuni moja hubadilishwa. Badala ya kutamka namba, Asha na Baraka huziandika kwenye vipande vya karatasi vinavyopitishwa mkono kwa mkono, na mwanafunzi mmoja wa katikati, kwa kuruhusiwa kwa siri na mwalimu, huzibadili. Asha humpelekea Baraka 15. Mwanafunzi yule huizuia na kupeleka namba yake mwenyewe. Hufanya vivyo kwa upande wa pili. Mwishowe Asha anayo siri moja pamoja na mtu wa katikati, Baraka anayo nyingine pamoja na mtu huyo huyo, na kila mmoja huamini kwamba anasema na mwenzake. Barua zao hufunguliwa katikati, husomwa, hufungwa upya na kupelekwa.

Wanafunzi hulalamika kwamba wamedanganywa, na malalamiko yao ndiyo mlango wa somo. Mchezo uliwapa siri, lakini haukuwapa hakika ya nani anayeishiriki. Watu wa kale walilijua tatizo hilo, ndiyo maana barua ya mtawala ilitiwa muhuri na mjumbe akaulizwa alama. Katika mitambo ya leo kazi ya muhuri hufanywa na sahihi za kihesabu. Mtu huyu wa katikati hastahili tena kuitwa mdukizi, kwa kuwa hasikilizi tu. Ni mlaghai aliyevaa sura ya wengine. Istilahi zikiwachanganya wawili hawa, mwanafunzi atadhani kwamba kinga ya mmoja ni kinga ya mwingine.

8. Kubadilishana au kuafikiana?

Sasa yawezekana kulirudia jina. Tukisema kwamba wanafunzi wawili wamebadilishana kalamu, tunamaanisha kwamba kalamu ya huyu imekwenda kwa yule na ya yule imekuja kwa huyu. Kalamu zilikuwa mbili, zilikuwapo kabla, na zilisafiri. Katika mchezo huu hakuna hata moja ya hayo lililotokea kwa ufunguo. Namba 8 ilikuwa moja, haikuwapo kabla ya mazungumzo, wala haikusafiri. Kilichosafiri ni 15 na 11, nazo si funguo. Siri za 6 na 7 hazikutoka mikononi mwa wenyewe hata kidogo.

Ubaya wa neno kubadilishana haumo katika ladha, bali katika mafunzo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba watu wawili hubadilishana ufunguo atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini mdukizi asiukamate unapopita. Mwalimu atalazimika kuliondoa kwa maneno mengi kosa lililopandwa na neno moja. Vibaya zaidi, mwanafunzi asiyeuliza ataondoka akiamini kwamba siri zake hupelekwa njiani, na ya kuwa kumpa mtu mwingine ufunguo wake ni jambo la kawaida. Imani hiyo ni hatari katika zama ambazo matapeli huwapigia watu simu na kuwaomba namba zao za siri.

Neno kuafikiana halina mzigo huo. Wenye kuafikiana huanza wakiwa mbalimbali, kila mmoja hutoa neno lake, na mwisho hupatikana jambo moja ambalo halikuwa la mmoja wao peke yake. Kiambishi cha kutendana kimo katika maneno yote mawili, lakini katika kubadilishana hueleza vitu vinavyopishana njiani, na katika kuafikiana hueleza watu wanaofika mahali pamoja. Mchezo ni wa namna hii ya pili. Kwa hiyo inapendekezwa kwamba tendo liitwe kuafikiana ufunguo. Namba 6 na 7 ziitwe siri za nafsi, 15 na 11 ziitwe namba za hadharani, na 8 iitwe ufunguo wa pamoja. Neno kubadilishana libaki kwa zile namba za hadharani, kwa maana hizo hubadilishwa kweli.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba usimbaji waweza kufundishwa kwa rangi, karatasi na hesabu ya saa, na kwamba Kiswahili kina vyombo vingi vya kuufundishia kuliko inavyodhaniwa: kinyume kinachoonyesha udhaifu wa siri ya njia, viambishi vya kutendua vinavyoonyesha tendo la upande mmoja, na wingi wa irabu unaoonyesha jinsi lugha inavyojifichua. Hii haina maana kwamba wahenga waliijua hesabu ya mwaka 1976. Hawakuijua. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayeifikia hesabu hiyo kwa Kiswahili haanzi mikono mitupu.

Istilahi za fani hii bado zinaundwa, na mara nyingi huundwa na watu wenye haraka, kwa kufasiri neno la Kiingereza pasipo kulitazama tendo lenyewe. Jina likikwisha kuchapishwa katika vitabu vya shule ni vigumu kuling'oa. Kabla ya kulipitisha, ingefaa watunga istilahi waketi dakika arobaini katika darasa ambamo mchezo huu unachezwa, mmoja wao akiwa Asha na mwingine akiwa Baraka, na wengine wote wakiwa wadukizi.